Minueti kwa Upande wa Kiume

Bath, 9 Oktoba 1768

Dada mpendwa Hester,

Barua hii usimsomee Baba. Itafuatwa na ya Shangazi, na hiyo ndiyo ya kusomwa mezani. Hii yangu ifiche ndani ya kitabu ambacho Baba hatakifungua kamwe, kwa mfano kile cha mapishi.

Ukweli ni kwamba hii ni wiki yetu ya tatu Bath na hakuna mtu hata mmoja aliyetutembelea. Siku tuliyofika, kengele za kanisa zilipigwa kwa ajili yetu kama zinavyopigwa kwa kila mgeni. Shangazi akaniagiza niandike jina lake katika daftari la Ukumbi wa Maji, pale wagonjwa wanapokunywa maji ya chemchemi, Bi Drusilla Maddox, kwa herufi kubwa, kisha tukarudi nyumbani kusubiri. Tunasubiri mpaka leo. Hapa mgeni hawezi kwenda kubisha kwa wakubwa. Mwenye cheo ndiye anayeanza kukusalimu, na asipoanza, basi unapita katikati ya watu kama hewa.

Kosa letu ni kiwanda cha sabuni cha marehemu Bwana Maddox. Jana tulikuwa Ukumbi wa Maji na glasi zetu mkononi. Akapita Bibi Wraxham, mjane wa lodi mwenye cheo kikubwa, ambaye watu wa hapa wanamtazama usoni kwanza ndipo wajue kama wacheke au wanune. Alipotufikia akavuta pumzi kwa pua.

"Leo kunanukia siku ya kufua," akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika na wote.

Wakacheka, dada. Wazee kwa vijana. Shangazi akanywa maji yake mpaka tone la mwisho, akaniambia, "Kez, maji ya leo yana ladha nzuri, sivyo?" Yana ladha ya msumari wenye kutu.

Lakini maji hayo hayo yanamponya. Unakumbuka vidole vyake vilivyokunjwa na baridi yabisi, hata kifungo alikuwa hawezi kufunga. Kila asubuhi saa kumi na mbili tunaingia katika bwawa la maji moto. Tunavaa magauni ya turubai yanayovimba kama mahema, na mbele ya kila mwanamke linaelea bakuli la mbao lenye leso yake. Shangazi ananyoosha vidole chini ya maji, kimoja kimoja, akihesabu kimyakimya. Juzi alifunga kifungo, na leo ameshika kalamu. Daktari anasema abaki mpaka Machi, la sivyo vitajikunja tena, na safari hii havitanyooka.

Lakini nimemsikia akijisemea mbele ya kioo: "Wakinicheka tena mbele ya mtoto huyu, narudi nyumbani, na mikono itajijua yenyewe."

Usimwambie Baba.

Mdogo wako,
Keziah


Bath, 10 Oktoba 1768

Kaka mpendwa Edmund,

Kabla ya kusoma, tazama mwandiko. Huu si wa Keziah. Ni wangu mwenyewe, wa kwanza baada ya miaka miwili. Herufi zinayumba kama walevi lakini zinafika ziendako.

Bath imetupokea kuliko nilivyotarajia. Bibi Wraxham hawezi kunipita bila kutamka neno. Kuhusu wageni, usiniulize: kila siku tunatayarisha keki, na kila siku zinabaki nyingi, maana mimi napenda kutayarisha kwa ukarimu.

Sasa habari kubwa. Tarehe 28 kuna dansi rasmi, nami nimepeleka jina la Keziah kwa Msimamizi wa Sherehe ili acheze minueti. Unajua utaratibu wake, jozi moja tu sakafuni na ukumbi wote umekaa ukitazama. Orodha hiyo haimkatai binti yeyote aliyevaa sketi ya matao na utepe wa lesi kichwani, awe wa lodi au wa nani. Hester aliwahi kuniambia kwamba wanacheza minueti ghalani kila Jumamosi na kwamba Keziah hakosei hatua. Bado sijamwambia. Nataka apate furaha ya ghafla.

Dada yako akupendaye,
Drusilla Maddox


Holmby, 14 Oktoba 1768

Mdogo wangu Kez,

Barua ya Shangazi imefika. Baba aliutazama mwandiko muda mrefu bila kusoma, akatoa leso, akasema moshi wa jiko umezidi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kisha akaisoma kwa sauti, nami nikawa nauma mkate ili nisicheke. "Hawezi kunipita bila kutamka neno"! Baba akasema, "Unaona, Hester? Watu wakubwa wanamjua mtu mwema wakimwona." Nikauma tena mkate.

Halafu akafika kwenye minueti, mkate ukanikwama kooni.

Kez, kama Shangazi bado hajakuambia, basi kaa chini kwanza. Amepeleka jina lako. Utacheza tarehe 28, mbele ya Bath nzima.

Nimekuwa nikizunguka ghala tangu asubuhi. Unajua ninachowaza. Miaka minne yote, kila Jumamosi, wewe ulikuwa mwanamume. Nilikuambia ni kwa sababu wewe ni mrefu. Lakini mwaka wa kwanza hukuwa mrefu, tulikuwa sawasawa. Nilitaka kuwa mimi ndiye bibi. Nilitaka mtu avue kofia ya Baba mbele yangu na kuninyooshea mkono. Wewe hukuwahi kulalamika, ulikuwa na kitabu chako mkononi na ulitaka tu tumalize urudi kusoma.

Sasa unajua minueti yote, lakini kwa upande usiokufaa. Nifanye nini? Niseme kwa Baba?

Dada yako mwenye hatia,
Hester


Bath, 18 Oktoba 1768

Dada mpendwa,

Usiseme kwa Baba. Barua yako ilinikuta mezani, Shangazi akiwa mbele yangu anapaka siagi kwenye mkate kwa mkono wake mwenyewe. Nikainua macho.

"Shangazi, tarehe 28 kuna nini?"

Kisu kikasimama. "Ah. Hester na mdomo wake."

Nikamwambia yote, ghala na kofia ya Baba. Alicheka mpaka akaegemea meza. "Basi ni kitu kidogo tu! Tutamwita mwalimu, atakugeuza."

Mwalimu ni Bwana Delacourt, mzee Mfaransa mwenye miguu myembamba kama ya korongo. Alicheza nami mara moja kuzunguka sebule, akaniachia, akarudi nyuma hatua tatu.

"Nani amekufundisha, binti?"

"Kitabu cha dansi, bwana. Na dada yangu."

"Hatua safi. Mgongo safi. Lakini unacheza kama kanali! Mwanamke anasubiri. Mimi ndiye ninayeinua mkono, wewe unaona, ndipo unanipa wako. Mbona mkono wako umeshafika juu kabla ya wangu?"

"Unainuka wenyewe, bwana."

"Basi uambie ukae."

Haukai. Siku ya pili leo. Tukifika mahali pa kupeana mkono wa kulia, wangu uko juu unamngoja. Pa kupishana, mimi ndiye ninayemwonyesha njia. Jana nilimsukuma mpaka akagonga saa ya ukutani. Akaketi akipangusa jasho, akamwambia Shangazi, "Madam, nimefundisha mabinti miaka thelathini. Huyu ni mwanamume wa kwanza kunishinda."

Jioni nilimwomba Shangazi aniondoe kwenye orodha. Nilimwambia sitaki kumwaibisha. Hakukasirika. Alikaa akivitazama vidole vyake.

"Kez, jina likishaandikwa, kuliondoa ni kuwapa chakula cha wiki nzima," akasema. "Watasema Bi Sabuni ameogopa. Milangoni kwetu hawaji, nami siwezi kwenda kwao. Mahali pekee ambapo watalazimika kukaa na kututazama ni pale. Nilifikiri wakikuona wewe..." Akakunjua kidole kimoja. Kisha akasema, "Ukiweza, vizuri. Usipoweza, Jumamosi asubuhi tunapanda gari la farasi, na hatutazungumza tena habari hii."

Usiku ule ule sanduku lake lilikuwa limeshatolewa chini ya kitanda. Nimeona amekwishatia viatu.

Hester, mimi naogopa hata kuomba chumvi mbele ya wageni. Sasa kupona kwa mikono ya Shangazi kunategemea miguu yangu.

Keziah


Holmby, 22 Oktoba 1768

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimejificha kwenye kibanda cha kuku. Kisha nilimwita Margery, mkamua maziwa wetu, nikamvalisha sketi yangu nzuri, nami nikavaa kofia ya Baba. Nilitaka kujua ulikuwa unafanya nini miaka minne yote.

Kez, ni kazi! Sikujua. Mimi nilikuwa natabasamu tu na kutazama mbele. Wewe ulikuwa unahesabu, unanitafutia nafasi nisigonge gunia, unapunguza hatua nikichelewa. Margery alinikanyaga mara sita na mara zote lilikuwa kosa langu. Aliniuliza, "Bi Hester, mbona Bi Keziah hakuwahi kutoa jasho?"

Sina ushauri wa maana. Nakuambia tu kwamba katika ghala lile hukuwahi kuniacha nikosee, hata siku zile nilizokuwa nakosea makusudi.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa ya dansi yako, nitakuwa nimekaa dirishani, sitafanya lolote.

Hester


Bath, 27 Oktoba 1768

Kaka mpendwa Edmund,

Ni mistari michache tu. Huenda tukarudi mapema kuliko nilivyosema. Hewa ya hapa ni nzito kidogo, na nyumba ina upepo. Mikono yangu imepona vya kutosha kwa umri wangu, sihitaji zaidi. Niwashieni moto katika chumba cha nyuma Jumatatu.

Keziah ni mtoto mzuri kuliko unavyojua. Lolote utakalosikia, kumbuka ni mimi niliyeandika jina lake.

Drusilla


Bath, Jumamosi 29 Oktoba 1768, saa moja asubuhi

Hester! Hester! Hester!

Nakuandikia nikiwa bado na unga mweupe wa dansi kwenye nywele. Nitakueleza kwa mpangilio, na wewe usirukie mwisho.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro. Sketi yangu ya matao ilikuwa pana hivi kwamba nilitoka kwenye kiti cha kubebwa kwa ubavu, kama kaa, na wale wachukuzi wawili wakanigeuzia mgongo kwa adabu ili wacheke wakiwa wametazama ukuta. Ndani, mishumaa tele, na viti vya mbele vimejaa mabibi. Shangazi alikaa safu ya tatu. Kulia kwake kiti kitupu, kushoto kwake kiti kitupu.

Minueti zinakwenda kwa vyeo. Binti wa lodi kwanza, kisha wa chini yake, hivyo hivyo mpaka mwisho, na mwisho ni mimi. Kila mwanamume anacheza na mabinti wawili, mmoja baada ya mwingine. Nilikaa nikiutazama mkono wangu wa kulia kama anavyotazamwa mbwa asiyeaminika.

Mwanamume wa mwisho alikuwa Bwana Lucius Dacre, mpwa wa Bibi Wraxham. Ana miaka kumi na tisa, ametoka chuoni juzi, mrefu, masikio mekundu. Mwenzake wa kwanza wa kucheza alikuwa Bi Carbery. Akaanza vizuri. Kisha akatoa mkono wa kushoto badala ya kulia. Akageuka kuurekebisha, akaenda upande ambao si wake, na akakanyaga pindo la gauni la Bi Carbery. Lilichanika, Hester. Ukumbi mzima ulisikia. Mtu akacheka, kisha kumi, kisha wote. Bi Carbery hakumaliza hata kuinama, akaenda kukaa akiwa mwekundu kama bitiruti. Bibi Wraxham alifungua kipepeo chake cha mkononi akakishikilia mbele ya uso, nacho hakikupepea.

Ndipo Msimamizi akanishika mkono, akanipeleka kwa kijana yule.

Sote wawili tuliinama kwa hadhira, kisha sisi kwa sisi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa kwenye nywele zake.

"Samahani, binti," akanong'ona. "Sikumbuki chochote. Hata jina langu."

Nami nikafikiri: nikisubiri kama mwanamke anavyopaswa kusubiri, tutasimama hapa wote wawili mpaka asubuhi. Nikaona pia viti viwili vitupu.

"Jina lako ni Lucius," nikamwambia. "Nitazame mkono wangu. Ukiinuka, inua wako. Ukishuka, shusha."

"Lakini mimi ndiye ninayepaswa..."

"Najua. Cheza."

Vinanda vikaanza.

Hester, niliuachia ule mkono. Siku kumi Bwana Delacourt alikuwa akiufunga kamba, nami niliufungua. Uliinuka kabla ya wake kwa muda wa kupepesa jicho tu, si zaidi, na wake ukaufuata. Tulipopishana akauliza bila kufungua midomo, "Wapi?" Nikamwambia, "Kwenye dirisha." Akaenda kwenye dirisha. "Sasa?" "Kwangu. Polepole. Inua kidevu." Alipochelewa nilipunguza hatua, alipokimbia nilimzuia kwa bega. Duru ya pili masikio yake yakaanza kupoa. Duru ya tatu, dada yangu, alitabasamu! Na tulipopeana mikono yote miwili kwa ule mzunguko wa mwisho, aliinua yake sawasawa na yangu, sikuhitaji kumwambia.

Tukainama. Hakuna aliyetikisika. Nikawaza, wameona, wamejua, tumekwisha.

Kisha wakapiga makofi. Si makofi ya vidole viwili wanayowapigia mabinti wa malodi! Ya viganja! Mzee mmoja alipiga fimbo yake sakafuni. Bwana Delacourt, mlangoni, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanashuka.

Na sasa ndipo penyewe. Bibi Wraxham akasimama. Alikatiza sakafu katikati, peke yake, wote wakimtazama, akapita safu ya kwanza, ya pili, akasimama mbele ya Shangazi. Akainama, yeye kwanza.

"Bi Maddox," akasema, "nimecheza minueti miaka arobaini. Nimeona ni nani aliyekuwa anamwongoza mwenzake."

"Hata mimi nimeona, bibi," Shangazi akajibu.

"Kijana wangu angeondoka mjini leo."

"Ingekuwa hasara. Ana miguu mizuri akipata wa kuielekeza."

Bibi Wraxham alitoa sauti, nadhani ilikuwa kicheko ambacho hakijazoea kutoka. "Naomba ruhusa nije kwako kesho saa tano asubuhi."

Na Shangazi, Hester, Shangazi ambaye kwa wiki sita hajapata mgeni hata panya, aliinamisha kichwa akafikiri kidogo, akasema:

"Nitatazama kama nina nafasi."

Mtu akakaa kiti cha kulia. Kabla sijafika, mwingine alikuwa amekaa cha kushoto. Mimi nilisimama, na nilifurahi kusimama.

Nilipoamka asubuhi hii nilikuta viatu vyake vimetoka sandukuni, vimepangwa chini ya dirisha. Saa tano bado. Nakwenda kuosha unga huu. Mgeni anakuja, na sijawahi kuwa na hofu ndogo namna hii katika maisha yangu.

Mdogo wako,
Keziah


Bath, 1 Novemba 1768

Kaka mpendwa Edmund,

Usiwashe moto katika chumba cha nyuma. Tunabaki mpaka Machi.

Lazima nikuambie jambo, nawe usimkemee Hester, ambaye naamini alilijua. Karibu yote niliyokuandikia tangu Septemba yalikuwa uongo. Hatukupata mgeni. Keki tulizila wenyewe mpaka Keziah akazichukia. Bibi Wraxham alikuwa akitamka neno kila aliponipita, lakini si neno ambalo ningekuandikia wewe, mchungaji.

Haya yafuatayo ni kweli tupu.

Jumamosi saa tano alikuja. Nilimmiminia chai mwenyewe. Alinitazama mikono muda wote, hata nikadhani nina doa. Mwishowe akamtuma Keziah dirishani kutazama gari lake, ambalo halikuhitaji kutazamwa, kisha akavua glovu.

Edmund, vidole vyake ni vibaya kuliko vilivyokuwa vyangu. Vimelala kimoja juu ya kingine.

"Miaka mitano nakuja Bath," akasema. "Nakunywa yale maji machafu kila asubuhi. Bwawani sijaingia."

"Kwa nini?"

"Dirisha la Ukumbi wa Maji linatazama bwawa. Unajua wanasimama pale na glasi zao. Unajua wanavyosema."

"Naujua usemi wao, bibi," nikamwambia. "Nimeusikia kwa karibu."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Nilimwacha awe mwekundu kwa muda, nakiri mbele yako, sikuharakisha. Kisha nikamwambia kwamba siku tatu za kwanza inauma na siku ya nne mtu anaweza kulia, na kwamba mimi huingia saa kumi na mbili, wala simsubiri mtu.

Jana saa kumi na mbili kasoro alikuwa ngazini, amevaa turubai, anatetemeka. Nilimshika kiwiko tukashuka. Maji yakatufika shingoni. Nilichukua mkono wake chini ya maji nikaanza kunyoosha kidole cha kwanza, naye akasema neno ambalo sikudhani mjane wa lodi analijua.

Juu, dirisha la Ukumbi wa Maji likajaa watu. Waliweka glasi chini. Nikaona midomo inafunguka, nikaona wanatazamana, wasijue wafanyeje. Bibi Wraxham akainua macho, nywele zimemganda usoni, akawatazama mmoja mmoja. Ndipo wakaanza kuinama, dirisha zima, Edmund, kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

Keziah alikuwa kando yangu, anaogelea na bakuli lake. Aliwainamia kama malkia. Mimi niliinama zaidi ya kipimo, nikameza maji, nikakohoa mbele ya Bath yote, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Dada yako,
Drusilla Maddox